SITI NA TITI: HERUFI MOJA, WATU WAWILI

Somo la Historia kwa Waliohitimu Kisomo

Ndugu msomaji, chukua kalamu na karatasi. Andika SITI. Chini yake andika TITI. Sasa yatazame majina hayo mawili. Herufi tatu za mwisho ni zile zile: I, T, I. Tofauti iko mwanzoni tu. Moja limeanza na S, jingine limeanza na T.

Tofauti hiyo ni ndogo kwenye karatasi. Lakini ukiikosea umemchukua mtu mmoja ukamweka mahali pa mwingine. Siti alikuwa mwimbaji wa Unguja. Titi alikuwa mpigania uhuru wa Tanganyika, na aliwahi kuwa Mbunge wetu sisi wa Rufiji. Hata hivyo wako watu wazima, tena wenye akili zao, wanaowachanganya. Utamsikia mtu barazani akisema, "Bibi Siti aliyekwenda na Nyerere." Mwingine anasema, "Titi yule wa taarabu." Hapo kila mmoja kanyang'anywa haki yake.

Katika somo hili tutajifunza mambo matatu. Kwanza, Siti alikuwa nani, na Titi alikuwa nani. Pili, tutawaona wanawake wengine wa pwani waliofanana majina. Tatu, tutauliza: jambo hili linatuhusu nini sisi wa Chumbi, Muhoro, Ikwiriri, Kibiti na visiwa vya Delta? Soma polepole. Ukichoka, weka gazeti, endelea kesho ukiwa dunguni unaamia mpunga.

1. SITI BINTI SAAD

Siti alizaliwa mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja. Baba yake, Saad, alikuwa Mnyamwezi. Mama yake alikuwa Mzigua. Wazazi wake walikuwa watu wa utumwani. Wakati huo soko la watumwa la Unguja lilikuwa limekwisha kufungwa, maana lilifungwa mwaka 1873. Lakini utumwa wenyewe ulikuwa bado halali kisheria mpaka mwaka 1897. Kwa hiyo mtoto huyu alizaliwa utumwa ungaliko.

Unajua aliitwa nani alipozaliwa? Aliitwa Mtumwa. Ndilo jina alilopewa, na ndilo alilokua nalo. Fikiri, ndugu msomaji. Mtoto anaitwa mbele ya wenzake, "We Mtumwa, njoo!" Kila akiitika anakumbushwa watu wake walikotoka.

Mtumwa hakupelekwa shule. Alijifunza kazi ya mama yake, kufinyanga vyungu. Vyungu vikishakauka na kuchomwa, alivitia kichwani akaenda kuviuza. Njiani aliimba ili watu wajue kwamba muuza vyungu anapita. Sauti yake ilikuwa nzuri, ikasikika mbali. Watu wakatoka nje kumsikiliza kwanza, vyungu baadaye.

Mwaka 1911 alihamia mjini Unguja. Huko alikutana na wanamuziki waliomfundisha kuimba kwa kufuata ala. Akaunda kikundi na wenzake. Wakati huo taarabu ya mjini ilikuwa ikiimbwa sana kwa Kiarabu, na wengi waliokuwa wakisikiliza hawakujua kinachosemwa. Yeye aliimba kwa Kiswahili. Mchukuzi wa bandarini akaelewa, mpishi akaelewa, mama muuza samaki akaelewa.

Ndipo alipopata jina jipya. Aliitwa Siti. Neno hili limetoka kwenye Kiarabu, na maana yake ni bibi, mwanamke wa kuheshimiwa. Aliyeitwa Mtumwa sasa anaitwa Bibi. Na jina la baba yake hakuliacha. Aliitwa Siti binti Saad mpaka kufa kwake.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walipanda meli wakaenda Bombay, nchini India, kurekodi nyimbo zao katika sahani za santuri. Alikuwa katika watu wa mwanzo kabisa wa Afrika Mashariki kurekodi nyimbo za Kiswahili. Sahani zile zilipofika, zikapigwa kwenye mahoteli ya chai na majumbani, Unguja na pwani yote ya Bara. Watu ambao hawakupata kumwona kwa macho wakaijua sauti yake.

Aliimba nini? Aliimba mapenzi, kama waimbaji wengine. Lakini aliimba pia mambo ya watu. Uko wimbo wake mmoja uitwao "Kijiti". Unahusu mwanamke mgeni kutoka Bara aliyeuawa Unguja. Mwuaji alitorokea Bara. Wanawake waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi ndio waliopewa adhabu. Siti aliuimba mkasa huo hadharani, kila mtu akausikia. Wale wanawake hawakuwa na gazeti wala wakili. Walikuwa na Siti.

Wako waliomwonea wivu. Walimsimanga kwa asili yake na kwa sura yake. Naye aliwajibu kwa wimbo, kwamba sura si kitu, cha maana ni akili na tabia. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Kabla hajafa, mwandishi Shaaban Robert alionana naye akaandika habari za maisha yake, na kitabu hicho kinasomwa mpaka leo. Baadaye waandishi wa habari wanawake wa Tanzania, kupitia chama chao cha TAMWA kilichoanzishwa mwaka 1987, walitoa gazeti lao wakaliita "Sauti ya Siti".

Basi huyo ndiye Siti, mwenye S.

2. TITI MOHAMED

Sasa tumtazame mwenye T. Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Siti wakati huo alikuwa mtu mzima wa miaka 46. Kwa umri, Siti angeweza kuwa bibi yake.

Titi alibahatika kuingia shule. Alisoma mpaka darasa la nne. Kwa mtoto wa kike wa Kiislamu wa mjini wakati ule, hicho kilikuwa kisomo kikubwa, maana wazazi wengi waliogopa kuwapeleka binti zao shule za serikali. Alipokua, watu walimjua kwa uimbaji. Ndiyo, naye pia aliimba! Alikuwa mwimbaji wa mbele katika kikundi cha ngoma ya wanawake cha Dar es Salaam. Labda hapa ndipo watu wanapozidi kumchanganya na Siti: majina yanafanana, na wote wawili walikuwa na sauti.

Chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Titi alikuwa katika wanachama wa mwanzo kabisa. Kadi yake ilikuwa namba 16. Ya mume wake ilikuwa namba 15.

Mwaka 1955 alifika mgeni kutoka Uingereza, John Hatch, wa chama cha Labour. Aliona viongozi wa TANU, wote wanaume. Akauliza: wanawake wenu wako wapi? Swali hilo liliwakaa viongozi. Ikaamuliwa pawe na sehemu ya akina mama, na Titi akachaguliwa kuiongoza. Alikuwa na miaka 29.

Tazama alivyoifanya kazi hiyo. Titi hakuanza na ofisi. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, kwa sababu aliwajua na wao walimjua. Mwanamke mmoja kiongozi wa ngoma akikubali, na kikundi chake chote kinakubali. Wauza maandazi, wauza vitumbua, wakulima wa mihogo wa pembeni mwa mji, wote wakaingia. Kwa muda wa miezi michache zaidi ya wanawake 5,000 walikuwa wamechukua kadi. Wengi wao hawakujua kusoma neno moja kwenye kadi ile, lakini walijua wanataka nini.

Wanaume wengi walioajiriwa serikalini waliogopa kujionyesha, wasije wakafukuzwa kazi. Wanawake hawakuwa na kazi ya serikali ya kufukuzwa. Wao ndio waliojaza mikutano. Titi alisimama jukwaani pamoja na Mwalimu Nyerere, akasafiri mikoani, akawaambia wanawake wasiogope. Walimwita Bibi Titi. Kumbuka maana ya jina Siti: ni bibi. Basi mmoja alipewa heshima ikawa ndiyo jina lake, na mwingine aliwekewa heshima mbele ya jina lake.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka 1962 uliundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, na Bibi Titi akawa mwenyekiti wake. Alikuwa pia waziri mdogo, na alikuwa Mbunge wa Rufiji. Wakati huo Rufiji ilikuwa kubwa. Kibiti na Delta zote zilikuwa ndani yake, maana Wilaya ya Kibiti ilikatwa baadaye sana, katika miaka ya 2010. Na daraja la Mkapa lilikuwa halijajengwa. Lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo, aliyetaka kuja upande huu wa kusini alivuka kwa kivuko cha Ndundu, na mvua za masika zikikolea alikaa ng'ambo akingoja.

Mwaka 1965 ulifanyika uchaguzi mkuu wa kwanza wa chama kimoja. Bibi Titi alisimama Rufiji, na watu wa Rufiji hawakumrudisha. Hilo nalo ni sehemu ya historia, tulisome kama lilivyo. Kiongozi mkubwa alipigiwa kura na wakulima wa mpunga, akashindwa, na matokeo yakasimama.

Baada ya hapo mambo yalikuwa magumu. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, alijiuzulu uongozi wa umoja wa wanawake. Azimio lilikataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha, na yeye alikuwa nazo. Mwaka 1969 alikamatwa pamoja na watu wengine, wakashitakiwa kwa kosa la uhaini, yaani kutaka kuiangusha serikali. Mwaka 1971 alihukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 Rais Nyerere alimsamehe, akatoka gerezani.

Akaenda kukaa kimya. Kwa miaka mingi jina lake halikutajwa sana. Watoto waliosoma miaka ile waliijua TANU, waliijua tarehe ya uhuru, lakini wengi hawakumjua Bibi Titi. Mwaka 1991, nchi ilipoadhimisha miaka 30 ya uhuru, alianza kutajwa tena kama mmoja wa mashujaa. Alifariki tarehe 5 Novemba 2000 katika hospitali huko Johannesburg, Afrika Kusini. Leo ukienda Dar es Salaam utapita Barabara ya Bibi Titi Mohamed, katikati ya mji. Kibao chake kimeandikwa kwa herufi kubwa. Kisome mwenyewe. Anza na T.

3. TUWAPIME PAMOJA

Haya, tuyaweke mambo kwa mistari, yasipotee.

Siti binti Saad: alizaliwa 1880, Fumba, Unguja. Alifariki 1950. Mfinyanzi, kisha mwimbaji wa taarabu. Hakusoma shule.

Titi Mohamed: alizaliwa 1926, Dar es Salaam. Alifariki 2000. Mwimbaji wa ngoma, kisha kiongozi wa siasa. Alisoma mpaka darasa la nne.

Siti alipofariki mwaka 1950, TANU ilikuwa bado haijazaliwa. Kwa hiyo akitokea mtu akakuambia Siti binti Saad alikuwa mwanachama wa TANU, mwulize miaka. Hesabu ndogo tu itakata shauri. Ndiyo maana tunajifunza tarehe. Tarehe ni kama kigingi: unafunga kamba, mbuzi haendi shamba la mtu.

Lakini wanafanana pia kwa jambo kubwa. Wote wawili walianza na sauti. Wote wawili walifuatwa na watu ambao hawakujua kusoma, na hawakuwadharau watu hao. Siti aliwachukua waliokuwa nje ya taarabu ya Kiarabu. Titi aliwachukua waliokuwa nje ya siasa. Kila mmoja alitumia Kiswahili cha watu wake.

4. FATUMA WAWILI WA UNGUJA

Sasa tutazame jina jingine. Hili kila kijiji chetu kinalo: Fatuma. Ukiita "Fatuma!" kisimani, watageuka watano. Katika historia ya Unguja wako Fatuma wawili wenye sifa, na wamepishana kwa miaka 300.

Fatuma wa kwanza alikuwa malkia. Alitawala Unguja mwishoni mwa miaka ya 1600. Wakati huo Wareno na Waarabu wa Omani walikuwa wakigombania pwani yetu. Kuanzia mwaka 1696 Waomani waliizingira ngome ya Wareno ya Mombasa, Ngome ya Yesu. Malkia Fatuma alikuwa upande wa Wareno, akawapelekea chakula kwa majahazi. Ngome ilianguka mwaka 1698. Waomani wakamchukua malkia wakampeleka uhamishoni Omani, na baadaye akaruhusiwa kurudi Unguja. Jumba lake lilikuwa pale pale ambapo Sultani Barghash alijenga Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, mwaka 1883.

Fatuma wa pili hakuwa na jumba. Ni Fatuma binti Baraka, mtoto wa muuza nazi. Huenda umekwisha kumjua, ila kwa jina jingine: Bi Kidude. Aliimba taarabu, alipiga ngoma ya unyago, na nyimbo za Siti binti Saad alizijua na akaziimba. Mwaka aliozaliwa haukuandikwa popote. Watu walikadiria tu, huyu akisema hivi, yule vile. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya kimataifa ya muziki iitwayo WOMEX. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013, akiwa mkongwe sana.

Ona jambo hili. Mwaka aliofariki unajulikana mpaka siku yake. Mwaka aliozaliwa haujulikani. Kwa nini? Kwa sababu alipozaliwa hakuna aliyeandika, na alipofariki dunia nzima iliandika. Wangapi katika akina mama zetu wako hivyo? Ukimwuliza bibi yako alizaliwa lini, atakuambia, "Nilizaliwa mwaka wa mafuriko." Mafuriko gani? Mto Rufiji una mafuriko mengi.

5. MWANA, JINA LA HESHIMA

Jina la tatu ni Mwana. Huku kwetu tunao akina Mwanahawa, Mwanaidi, Mwanahamisi, Mwanaisha. Wengi tunadhani ni "mwana" wa mtoto. Katika miji ya zamani ya pwani, Mwana mbele ya jina la mwanamke lilikuwa neno la heshima, kama vile Bwana kwa mwanamume.

Mombasa wanasimulia habari za Mwana Mkisi, malkia wa zamani wa mji ule. Na huko Lamu na Pate, pwani ya kaskazini ya Kenya, alikuwako Mwana Kupona binti Mshamu. Mume wake alikuwa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, aliyefariki mwaka 1856. Mwana Kupona alikuwa mgonjwa, na alikuwa na binti, Mwana Hashima. Aliogopa atakufa kabla hajamfunza mtoto wake mambo ya dunia. Basi mwaka 1858 akamtungia utenzi, mafundisho ya mama kwa binti, akauandika kwa herufi za Kiarabu. Wengi wameunakili, na wengine wamebishana nao, kwa sababu mafundisho mengine yanamtaka mke amnyenyekee sana mume. Hayo ni ya kujadili. La kushika ni kwamba mama huyu alijua kuandika, akayaweka maneno yake kwenye karatasi, na leo, zaidi ya miaka 160 baadaye, tunajua jina lake, jina la baba yake, jina la mume wake na jina la binti yake.

Majirani zake wote wa kike walikuwa na majina pia. Nayo yako wapi?

6. JAMBO HILI LATUHUSU NINI?

Ndugu msomaji, mpaka hapa unaweza kusema: hao ni watu wakubwa, mimi si malkia wala mwimbaji. Ngoja kidogo.

Kijijini mwanamke ana majina mengi. Kwa wazazi wake ni Fatuma. Akizaa anakuwa Mama Saidi, au Mama Zaina. Kwa wakwe anaitwa jina jingine. Akipata wajukuu ni Bibi fulani. Hayo ni majina mazuri ya heshima, na hakuna anayetaka yaondoke. Lakini karatasi haijui Mama Saidi. Akina Mama Saidi wako wangapi Chumbi?

Tuseme mama mmoja analima shamba la korosho ekari tatu. Amelisafisha mwenyewe, amepanda mwenyewe. Katika daftari limeandikwa "shamba la Mama Saidi". Mume wake akifariki, wanakuja ndugu. Anatokea na mke mwingine, naye ni Mama Saidi. Kesi inaanza. Majirani wanajua ukweli, lakini majirani nao wanazeeka na kufa. Kama lingeandikwa jina lake, la baba yake na la babu yake, pamoja na mipaka ya shamba, kesi hiyo ingeisha asubuhi moja.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inasema mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa kwa jina la mwanamke peke yake, au kwa majina ya mume na mke pamoja. Sheria imefungua mlango. Jina lako lililoandikwa sawasawa ndilo linalokuingiza ndani.

Kisha iko taabu ya herufi. Kadi ya kliniki imeandikwa Fatma. Kitambulisho cha taifa kimeandikwa Fatuma. Simu imesajiliwa Fatima. Mama ni yule yule mmoja, lakini kwa karani hao ni watu watatu. Fedha zimeingia, yeye anazungushwa: nenda, rudi, nenda tena Utete. Nauli inakwisha. Herufi moja imeteketeza siku tatu za palizi. Hapo utaona kwamba S na T ya Siti na Titi haikuwa mchezo wa darasani.

Na zaidi, karatasi zetu zinakaa karibu na maji. Mwaka 2024 mafuriko yaliingia majumbani Rufiji na Kibiti, yakachukua mpunga, kuku, na makaratasi. Aliyekuwa na jina lake katika madaftari ya kijiji na ya wilaya alipata pa kuanzia. Aliyekuwa na karatasi moja tu, nayo iko chini ya godoro, alianza upya.

Basi fanya haya:

(a) Andika jina lako kamili, yaani lako, la baba na la babu. Chagua tahajia moja, uitumie hiyo hiyo kila mahali.

(b) Kabla ya kuweka dole gumba au sahihi, soma jina lililoandikwa, herufi kwa herufi. Likiwa limekosewa, sema hapo hapo. Kusema si utovu wa adabu. Karani naye ni binadamu.

(c) Kama karatasi zako zinapingana, zichukue zote kwa pamoja umwone Afisa Mtendaji wa Kijiji, uulize namna ya kusahihisha. Usingoje siku ya shida.

(d) Karatasi zitie katika mfuko wa nailoni, ufunge vizuri, uweke juu. Nakala moja mpe mtu unayemwamini anayekaa mbali na mto.

(e) Wewe mwanamume unayesoma, mwulize mama yako majina yake kamili na ya mama yake. Yaandike leo. Wengi wetu tunaweza kuwataja babu zetu watano, lakini bibi zetu wawili hatuwajui.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na watu ni hivyo hivyo. Siti tunaye kwa sababu sauti yake ilitiwa kwenye sahani na maisha yake yakatiwa kitabuni. Titi alikaribia kusahauliwa angali hai, akarudishwa na waliomkumbuka na kuandika. Wewe umehitimu kisomo. Kalamu unayo.

MANENO YA KUJIFUNZA

Santuri: mashine ya zamani ya kupigia nyimbo zilizorekodiwa kwenye sahani.
Uhaini: kosa la kutaka kuiangusha serikali au kuisaliti nchi.
Uhamishoni: mahali mtu anapopelekwa kukaa mbali na kwao kwa nguvu.
Utenzi: shairi refu lenye masimulizi au mafundisho.
Tahajia: namna ya kupanga herufi za neno.
Hakimiliki ya kimila: haki ya kumiliki ardhi ya kijiji kwa kufuata mila na sheria.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Siti aliitwa nani alipozaliwa? Jina hilo lilimwambia nini kila alipoitwa?
2. Siti alifariki mwaka gani? TANU ilizaliwa mwaka gani? Ni miaka mingapi katikati?
3. Kwa nini Bibi Titi alianza na viongozi wa ngoma? Kama leo unataka kuwakusanya wanawake wa kijiji chako, ungeanza na nani?
4. Mwaka 1965 watu wa Rufiji hawakumchagua tena Bibi Titi. Je, mtu anaweza kuwa shujaa na bado akanyimwa kura? Jadilini bila kugombana.
5. Mwana Kupona alimwandikia binti yake mafundisho. Wewe ungemwandikia mtoto wako mambo gani matatu?
6. Katika kijiji chenu mashamba mangapi ya wanawake yameandikwa kwa majina yao kamili? Mwalikeni Afisa Mtendaji awaeleze.

ZOEZI LA KUANDIKA

Chukua ukurasa mmoja wa daftari. Mwandike mwanamke mmoja wa kijiji chako ambaye watu wanamheshimu: mkunga, mfinyanzi, mkulima hodari, mwimbaji, kungwi. Kwanza mwombe ruhusa. Andika jina lake kamili, la baba yake, la mama yake, mahali alipozaliwa, na kazi aliyoifanya. Akiwa hajui mwaka aliozaliwa, mwulize alikuwa mkubwa kiasi gani uhuru ulipopatikana mwaka 1961, au vijiji vya ujamaa vilipoanza. Ukimaliza, msomee kwa sauti. Akikwambia hapa umekosea, futa, andika tena. Kisha mpe karatasi hiyo aitunze.

Elimu haina mwisho.